Njumu za Mguu wa Kulia

Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja ambaye wanaume wazima, na ndevu zao, walikuwa wakimwona anakuja wanazima sigara. Hakuwa askari wala mke wa diwani. Alikuwa refa. Alichezesha mpira wa wanaume miaka ishirini na miwili, akawatoa nje kwa kadi nyekundu watu ambao leo wana wajukuu, na hata magoti yalipogoma akastaafu, aliendelea kutuchezesha sisi majirani. Ukimwaga maji machafu njiani, unaonywa. Ukirudia, hakusemeshi wiki nzima. Tulimwita Bi Refa, na mwenyewe alikuwa anaitika.

Aliishi na dada yake mkubwa, Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka wanafunzi wake wa kwanza wakaanza kumpita kustaafu. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinaegemea ukuta wa nyumba yao, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia bila hata kutega sikio. Yaliyobaki nilisimuliwa na mkwe wao, mume wa binti wa Bi Refa, dereva wa malori ya kuvuka mpaka.

Huyo mkwe ndiye aliyeanzisha. Jumapili moja alikuja kuwasalimu wakwe, akakaa kwa adabu ukingoni mwa kiti, akasimulia jinsi lori lilivyomharibikia nchi jirani, mbele ya shule moja, akakaa siku mbili akingoja spea.

"Mama, wale watoto wanacheza na mpira wa matambara," alisema. "Ukifumuka katikati ya mchezo, wote wanasimama. Anaitwa anayejua kuufunga, anaufunga, wanaendelea."

"Na dakika zilizopotea, refa anazifidia?" Bi Refa akauliza.

"Hawana refa, mama. Mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua."

Bi Refa akaweka kikombe chini. Baadaye aliniambia kwamba habari ya matambara ilimuuma, lakini hiyo ya mwenye sauti kubwa ndiyo iliyomkata maini.

Mkwe akaendelea. Darasani, watoto watatu wanatumia daftari moja: mmoja anaandika juu, mwingine katikati, wa tatu chini.

"Mwalimu wao anasahihisha vipi?" akauliza Mwalimu, bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Nadhani anakisia, mama mkubwa."

"Anakisia," Mwalimu akarudia, kama mtu aliyeonja kitu kichungu.

Bi Refa hakulala na jambo. Alimuuliza mkwe kama lori huwa linajaa. Mkwe akasema hapana, mara nyingi linakwenda na nafasi. "Basi safari ya mwezi ujao hiyo nafasi ni yangu," akasema, na mkwe akajikuta ameshakubali.

Kesho yake akaanza kuzunguka. Kila mlango aliobisha ulifunguliwa, maana hakuna aliyethubutu kujifanya hayupo. Watu wakatoa, na walivyotoa ni vituko. Fundi cherehani alitoa bukta ishirini zenye mfuko mmoja nyuma, kwa sababu mteja wake alikimbia oda. Mzee wa bucha alileta meza ya mpira wa mezani, nusu yake. Nusu nyingine, alisema, iko kwa mtalaka wake na mazungumzo yanaendelea. Mama mmoja akaleta kikombe cha ushindi kilichoandikwa "Mshindi wa Tatu". Wa tatu katika nini, hapakuandikwa.

Mimi nilipeleka mpira wa mwanangu. Bi Refa akaubonyeza, ukatoa pumzi kama mgonjwa.

"Kinyozi, huu umeshakufa," akaniambia. "Unataka watoto wa watu wakauzike wao?"

Nikarudi nao kwapani. Jioni nikaenda kununua mpya, na wala sikujisikia mkarimu, nilijisikia mtu aliyesamehewa.

Sebule yao ikajaa. Mipira juu ya kabati, kamba za kuruka mlangoni, mabunda ya fulana chini ya dirisha. Nilikuwa nikimsikia Mwalimu kupitia ukutani: "Mdogo wangu, hebu niambie, mimi naishi kwenye nyumba au kwenye godauni?" Bi Refa akimjibu, "Inua miguu, dada, nipitishe goli."

Wiki ya pili akaja mwenye duka la viatu. Alikuja na mpigapicha. Akashusha magunia mawili ya njumu, viatu vipya kabisa vya mpira, saizi za vijana. Akampa Bi Refa mkono, akatabasamu upande wa kamera, akapeana naye mkono tena kwa sababu picha ya kwanza alifumba macho. Siku mbili baadaye ile picha ilikuwa ukutani dukani kwake, kwenye fremu.

Alipoondoka, Bi Refa akafungua gunia ili apange jozi. Mara akaniita. Nilimkuta amekaa sakafuni, njumu zimemzunguka.

"Kinyozi, nitazamie wewe. Labda mimi nimezeeka macho."

Nikatazama. Kulia, kulia, kulia. Njumu thelathini na sita, zote za mguu wa kulia.

Tulikwenda wote dukani. Mwenye duka hakuwa na haya hata chembe. Alieleza kwamba yeye huweka nje mguu mmoja tu, ule wa kulia, ili wadokozi wasipate tamaa. Mwaka uliopita wezi wakavunja stoo, wakabeba maboksi yote, yeye akabaki na zile za kuonyesha wateja.

"Kwa hiyo umenipa ulichoachiwa na wezi," Bi Refa akasema.

"Nimetoa kwa moyo, Bi Refa."

"Umetoa kwa mguu mmoja."

"Lakini wewe ni mtu wa mpira," jamaa akajitetea. "Mchezaji si hupiga kwa mguu mmoja tu? Wa kushoto ni wa kusimamia."

Bi Refa alimtazama kwa namna ambayo, enzi zake, ilikuwa inatangulia kadi. Tukatoka. Njiani ghafla akasimama katikati ya barabara, baiskeli ikamkwepa, nusura imgonge.

"Yule mwizi ana shida kama yetu," akasema. "Ana njumu thelathini na sita za kushoto. Amezificha mahali, hawezi kuvaa, hawezi kuuza."

Jumapili iliyofuata timu ya mtaa wetu ilikuwa na mechi. Kabla haijaanza, Bi Refa akamwendea mtangazaji, akanyoosha mkono, naye akampa kipaza sauti bila kuuliza.

"Nina tangazo," sauti yake ikajaa uwanjani. "Kuna mtu hapa ana njumu za mguu wa kushoto, thelathini na sita. Sitaki kujua amezipataje. Hazikufai, ndugu yangu. Mkeo amechoka kuzifagilia pembeni. Mimi ninazo za kulia, na kuna watoto wasio na hata moja. Zilete kwangu, sitamwita askari."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Watu walicheka mpaka wachezaji nao wakakaa chini. Bi Refa akatazama saa yake, akarudisha kipaza sauti mdomoni: "Mnachelewesha mechi." Kicheko kikakatika.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne, mchana, mwanaume mmoja akaingia kibandani kwangu akaomba kunyolewa ndevu. Hakuwa na ndevu. Nikampaka povu hivyo hivyo.

"Kinyozi," akasema, macho kwenye kioo, "yule mama, kweli hataita askari?"

"Yule akisema mpira umetoka, umetoka."

"Si kwamba ni mimi. Nina rafiki yangu."

"Basi mwambie rafiki yako awahi. Lori linaondoka wiki ijayo."

Saa kumi akaja na mkokoteni. Nilifunga kibanda, mteja wa watu nikamwacha nusu kichwa, nikaenda kusimama mlangoni kwa Bi Refa kama shahidi. Bi Refa akamwaga magunia, akaanza kuoanisha, kulia na kushoto, kulia na kushoto. Jozi thelathini na tano. Ya thelathini na sita ikabaki mjane.

"Moja iko wapi?"

"Mbwa, mama."

"Mbwa gani?"

"Wa rafiki yangu."

Jamaa akajikohoza. Akaomba kwamba kwenye orodha ya waliochangia aandikwe "Jirani Mwema". Bi Refa akatia mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kadi ya njano, akaiinua juu. Naapa, yule mtu mzima aliinamisha kichwa na kuweka mikono nyuma, kama mchezaji.

"Samahani, refa," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Uliwahi kunipa nyingine. Zamani, nilipokuwa beki. Nilishika mpira."

Bi Refa akamwangalia vizuri, akamkumbuka.

"Kumbe hiyo mikono ilianza siku nyingi," akasema, akamruhusu aende.

Habari haikukaa. Kesho yake mwenye duka akaja mbio kudai viatu vyake, kwamba sasa vimekamilika na yeye alitoa akijua ni vibovu. Bi Refa hakugombana. Alimwambia tu, "Sawa. Tuanze kwa kushusha ile picha ukutani." Jamaa akafikiri kidogo, akaaga.

Hadi hapo Mwalimu hakuwa amegusa kitu. Alisoma gazeti lake, miguu juu ya bunda la fulana, akilalamika kwa zamu. Kisha mwenye kiwanda cha uchapaji akatuletea madaftari mia sita, mazuri, na nyuma ya kila daftari jedwali la kuzidisha. Mwalimu alichukua moja kwa kuchoka tu. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Saba mara nane," akasoma, "hamsini na nne."

"Ni kosa dogo, dada," akasema Bi Refa. "Ndiyo maana katupa bure."

"Dogo? Wewe ungekubali goli la mkono kwa sababu mkono wenyewe ni mdogo?"

Bi Refa akaleta kalamu. Basi siku tano tukakaa kusahihisha: wao wawili, mimi na mke wangu, daftari moja baada ya jingine, kukata nne na kuandika sita juu yake. Mwalimu alikagua kila kitu. Mimi nilirudishiwa madaftari kumi na moja.

"Sita yako inafanana na sifuri," akaniambia. "Rudia."

Nina miaka hamsini na mitatu. Nilirudia.

Siku ya safari tukadhani Mwalimu atabaki. Alitoka na mkoba wake, akapanda lori kabla ya mdogo wake, akasema anakwenda kuwaeleza wale watoto kwa nini madaftari yao yamechorwachorwa. Mkwe alinieleza kwamba hajawahi kuendesha kwa adabu namna ile. Saa tisa nzima, mama mkwe huku na mama mkubwa kule. Hakuwasha redio. Dereva mwingine alipomchomekea, alifungua mdomo, akakumbuka, akasema, "Tangulia, ndugu." Bi Refa alimwonya mara mbili kwa mwendo, na Mwalimu alikuwa akimsomea kila kibao cha kilomita na kukokotoa zilizobaki kwa kichwa.

Mpakani afisa wa forodha, dada mmoja mtaratibu mwenye kalamu tatu mfukoni, akakagua mzigo. Bukta, sawa. Madaftari, sawa. Nusu meza akaizunguka mara mbili, akaiacha. Kwenye njumu akasimama.

"Mama, hizi ni mpya. Msaada wa vitu vilivyotumika unapita. Vipya vinahesabiwa ni biashara, mpaka kibali kitoke makao makuu. Wiki tatu."

"Kiatu kikifanya nini ndipo kinaitwa kilichotumika?" Bi Refa akauliza.

Yule dada akafungua kitabu cha taratibu, akapitisha kidole. "Kikiwa kimevaliwa."

"Kimevaliwa na nani?"

Akafunua ukurasa wa pili. "Hapajaandikwa."

Bi Refa akageuka kutazama uwanja wa kuegesha malori. Madereva kama thelathini walikuwa wamekaa vivulini, wamekata tamaa wakisubiri mihuri. Makarani wa forodha walikuwa kwenye mapumziko ya chai. Wapagazi hawakuwa na cha kupagaza.

Ndani ya robo saa mechi ilikuwa imeanza, madereva kwa forodha. Ambao njumu ziliwatosha walivaa, ambao ziliwabana walipachika vidole wakakimbia kwa visigino, na zile ndogo kabisa wakavaa akina dada wa ofisini. Kila dakika kumi Bi Refa alisimamisha mchezo, watu wakabadilishana viatu ili kila jozi ipate zamu yake. Mkuu wa kituo akatoka ofisini, tai shingoni.

"Nini hiki?"

"Uko ndani ya uwanja, baba," Bi Refa akamwambia. "Toka nje, au ingia timu."

Alivua koti. Akakaa golini upande wa forodha, na mkwe anasema alikuwa si haba.

Ilipobaki dakika moja, bila kwa bila, karani mmoja akashika mpira ndani ya eneo. Filimbi. Penalti. Mkwe akamkimbilia.

"Mama," akanong'ona pembeni, "mzigo wetu uko mikononi mwao. Tutalala hapa!"

"Ameshika," Bi Refa akasema.

Madereva wakafunga. Mkuu wa kituo akajizoa kwenye vumbi, akaja akihema. Akainua njumu moja, akaigeuza. Tope mpaka kwenye kamba. Akamwomba yule dada kalamu, akaandika kwenye fomu kwa mkono wake: "Zimetumika." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Sana." Muhuri ukapigwa.

Shuleni walipokewa na mkuu wa shule, mama mrefu asiye na maneno mengi, na watoto waliopangwa mistari juani. Bi Refa alikuwa ameandaa hotuba. Hakuisoma. Aliwaona miguu pekupeku, mmoja akisugua kisigino kwenye shavu la mguu wa pili, akapuliza filimbi badala yake. Watoto wakatawanyika kwa shangwe, na huo ndio ukawa ufunguzi.

Alichezesha mechi tatu siku hiyo, na magoti yake yale. Aligundua kwamba "mwenye sauti kubwa" aliyekuwa akiamua mambo ni msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ambaye alibishia kila uamuzi.

"Hakuotea!" msichana akapaza sauti, mikono kiunoni. "Mimi nilikuwa nimesimama pale, wewe ulikuwa nyuma!"

Bi Refa akafikiri. Kweli alikuwa nyuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anavyokiri mwenyewe, akabadilisha uamuzi. Jioni akamkalisha msichana chini na kumsomesha sheria zote kumi na saba za mpira, na mtoto akabishia nne.

Mwalimu naye aliingia darasa la sita kugawa madaftari. Alieleza habari ya saba mara nane, watoto wakasikiliza. Kisha mvulana wa dawati la mwisho akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na hii je? Kumi na mbili mara kumi na mbili, mia moja na arobaini na mbili."

Watu wanne, siku tano, hakuna aliyeiona. Mwalimu akachukua daftari, akatazama. Akauliza nani alimfundisha mtoto yule. Hakuna, wakasema, mwalimu wa hesabu wa darasa lile aliondoka tangu mwaka jana, wanajisomea wenyewe.

Siku ya kuondoka mkuu wa shule aliwashukuru kwa kila kitu, hata kwa nusu meza, ambayo tayari ilikuwa imepigwa rangi nyeusi na kugeuzwa ubao. Kisha akasema polepole, akichagua maneno, "Mama zangu, mipira tutaicheza, na madaftari yatajaa. Lakini ukweli ni kwamba nimepungukiwa na mtu wa kuyasahihisha."

Hakumtazama yeyote aliposema. Mwalimu akatazama mkoba wake ambao mkwe alishaupandisha kwenye lori.

"Mkwe," akasema, "hebu nishushie ule mkoba."

"Dada, utakaa wapi?" Bi Refa akashtuka. "Una presha! Na hujui hata watu wa hapa!"

"Nawajua darasa la sita," Mwalimu akajibu. "Muhula mmoja tu, mdogo wangu. Usinipigie filimbi."

Bi Refa alirudi peke yake. Mkwe anasema saa tisa zile hakumwonya hata mara moja. Angeweza kupita na taa nyekundu.

Ukutani kwangu kukawa kimya. Sebule ikawa na nafasi ya kutosha na hakuna wa kulalamika. Bi Refa akaanza kuja kibandani, anakaa kwenye benchi la wateja, anabishana na yeyote aliyepo. Muhula mmoja ukawa miwili. Mwalimu alikuja likizo, ameungua jua na kukonda, akizungumza habari za darasa la sita tu, akarudi zake.

Juzi nilimkuta Bi Refa anafunga mzigo wa kumpa mkwe. Dada yake alikuwa ameagiza miwani ya akiba, dawa za presha, kalamu nyekundu boksi mbili na mto wake wa kulalia. Aliweka vyote. Akaweka na sweta yake mwenyewe ya sufu. Akaitoa, akasema dada ataiharibu kwa chaki. Akaikunja vizuri zaidi, akairudisha, akakaza kamba.

"Kinyozi," akaniambia bila kugeuka, "kalia hapa juu nifunge fundo."

Nikakalia.